Usiondoke maabara na namba moja ya kolesteroli

Wateja wengi wanaofika kwenye maabara yetu hapa Ngara huuliza swali moja: "Kolesteroli yangu ni ngapi?" Tunawajibu, ila jumla peke yake hupotosha, na jambo hili hutusumbua sana tunapomwona mtu anaikunja karatasi na kwenda zake.

Chukua watu wawili, kila mmoja na jumla ya 5.6 mmol/L. Wote wamepita 5.2, kiwango kinachopendekezwa. Wa kwanza ana HDL (kolesteroli nzuri) 2.0 na LDL (kolesteroli mbaya) 3.1. Wa pili ana HDL 0.9, LDL 3.8, na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta kwenye damu) 2.0. Huyu wa pili ndiye wa kumwona daktari mapema. LDL yake, ile inayojipachika kwenye kuta za mishipa ya damu, iko juu, na HDL inayorudisha mafuta ya ziada kwenye ini ni haba. Basi omba kipimo kamili cha lipidi, chenye mistari yote minne: jumla, HDL, LDL na trigliseridi.

Mara nyingi LDL haipimwi moja kwa moja. Hukokotolewa kutokana na hizo nyingine tatu. Trigliseridi zikizidi 4.5, hesabu hiyo haiaminiki, na kwa kuwa trigliseridi hupanda baada ya kula, tutakuomba urudi bila kula. Maliza chakula saa mbili usiku, uje saa mbili asubuhi. Maji kunywa, chai ya maziwa hapana. Dawa zako za kila siku usiziache bila kumuuliza daktari.

Usingoje dalili, kwa kawaida hazipo. Wala wembamba si kinga: sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na ini, na wengine wamerithi LDL ya juu.

Kuhusu jikoni, maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye chupa ya mafuta yasikutulize, maana mafuta ya mimea hayana kolesteroli tangu mwanzo. Angalia kama yanaganda. Yale ya kuganda ndiyo hasa hupandisha LDL. Yapunguze, na ndengu, maharagwe na parachichi vizidi sahanini.

Daktari akikuanzishia statini, dawa za kushusha kolesteroli, kipimo hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 12. Njoo na matokeo ya awali, hata ya maabara nyingine. Yakiwa kwa mg/dL, tutakubadilishia: 200 ni sawa na 5.2.