Entebbe hadi Nairobi si dakika 39

Mhariri,

Wasafiri wengi hugawa kilomita 520 hivi za anga kati ya Entebbe na Nairobi kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, wakapata dakika 39, kisha wakashangaa tiketi ikionyesha zaidi ya saa moja. Muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inaposimama Nairobi. Humo mna kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda, kushuka na pengine foleni ya kutua. Safari fupi hivi, mwendo kamili haudumu. Ila kinachowakosesha watu ndege ni kilomita 40 za barabara kutoka Kampala. Dirisha la mizigo mara nyingi hufungwa saa nzima kabla ya kuruka.

Msomaji wako,
Entebbe