Somo, chukua mpini wa fagio

Chumbageni, Tanga
28 Juni 2025

Somo yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mama mkwe magoti yanamsumbua na upepo huu wa kusi. Mdomo mzima, kama unavyomjua. Uliniuliza kwenye simu wanangu wanashindaje likizo bila kuibomoa nyumba, nikakwambia nitakuandikia. Maneno yenyewe ni mengi, na kuna kitu nataka kikufikie mkononi. Kimo ndani ya bahasha. Usikitupe.

Kwanza nikiri kosa. Wiki ya kwanza niliwapeleka tuisheni, maana mtaa mzima ulikuwa umepeleka. Siku ya nne Babu (huyu wa darasa la tatu, si marehemu) akarudi na daftari lenye sentensi moja aliyoinakili mara ishirini. Nikawatoa. Majirani wamenitazama kama nimewaachisha shule.

Tukaanza na tiara, kwa kuwa upepo wenyewe unaita. Unakumbuka zile zetu za mifuko ya rambo? Rambo zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, Kibibi hata hazijui. Wao wametumia gazeti, uzi wangu wa cherehani, uji mzito wa unga wa muhogo ndiyo gundi, na chelewa walizonyofoa kwenye fagio langu jipya. Ya kwanza ilipanda kimo cha mlango, ikazunguka kama pia, ikajichomeka mchangani. Babu akataka watengeneze kubwa zaidi. Kibibi, ambaye ndiyo kwanza kaingia darasa la kwanza, akasema, "Haina mkia." Wakachukua mabaki ya kanga kwenye kapu langu. Mkia wa mkono mmoja, bado inazunguka. Wa mikono minne, hainyanyuki kabisa. Wakaukata kidogo kidogo, wakirusha kila wanapokata, hadi ikatulia juu ya muembe wa jirani imenyooka tuli. Hakuna aliyewafundisha kubadilisha kitu kimoja tu kila mara. Mimi nilikuwa nashona.

Michezo ya manjano, kile kiungo cha mchuzi, ilitokana na balaa. Kanzu ya Idi ya Babu ilikuwa na doa la mchuzi kifuani. Nikaisugua kwa sabuni ya mche, doa likageuka jekundu, Kibibi akapiga yowe kwamba Babu kachomwa kisu. Somo, nafua madoa ya manjano tangu nijue kufua, na siku zote nimeliona lile jekundu, lakini sikuwahi kujiuliza linatoka wapi. Safari hii nikaulizwa. Tukakamulia ndimu, likarudi njano mbele ya macho yetu. Tukatia maji ya magadi, yale ya kulainishia maharage, likawa jekundu tena. Wakataka kuanza upya, na kanzu ikabaki beseni mpaka jioni. Kumbe rangi ya manjano inaonja: ikikutana na asidi kama ya ndimu inabaki njano, ikikutana na sabuni, magadi au maji ya majivu inakuwa nyekundu. Toka siku hiyo hakuna kitu jikoni kwangu ambacho hakijaonjeshwa. Siki, maziwa mgando, dawa ya meno, maji ya ukwaju. Vidole vyao vilikuwa vya njano siku tatu. (Doa lenyewe liliondolewa na jua, nilianika siku mbili tu.)

Ya baluni na siki nitakusimulia tukionana. Dari bado lina alama.

Sasa hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Jumapili ya tarehe 22 Babu aliniuliza kwa nini watu husema saa sita jua liko utosini, na kivuli chake anakiona. Sikuwa na jibu. Nikakata mpini wa fagio (ndiyo, fagio lile lile, lilikuwa limekwisha kazi) ukawa mita moja kamili kwa tepu yangu ya kupimia nguo, tukausimamisha kwenye sementi ya uani ndani ya kopo la mchanga uliolowa. Usawa wake tulipima kwa timazi, uzi na nati ya baiskeli. Hapo usifanye haraka, maana mpini ukilala kidogo tu hesabu yote inaharibika. Mita yenyewe unaihesabu kuanzia sakafuni, siyo kutoka ndani ya kopo, sisi tulikosea hapo mara ya kwanza. Kuanzia saa sita kasorobo Babu alitia alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano. Kibibi alishika saa.

Saa sita kamili kivuli kilikuwa sentimita 55 na nusu. Babu akasema basi, ndiyo kifupi kuliko vyote, twende tukale. Kibibi akakataa kuachia saa. Saa sita na dakika kumi, kimepungua. Na robo, kimepungua. Kikafika 54, kikawa kama kimesimama, kisha kikaanza kurefuka upande wa mashariki. Saa saba kasoro dakika kumi kilikuwa kimerudi pale pale kilipokuwa saa sita kamili. Katikati ya hizo mbili ni saa sita na dakika 25. Babu akadhani saa yetu mbovu.

Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele, hata hakunyanyua uso. Akasema, "Hiyo si zawali?" Tukamtazama. Akasema wao walifundishwa chuoni, kwenye Kurani, wakiwa wadogo: kivuli kikiisha kupungua kikaanza kuelemea mashariki, jua limepinduka, adhuhuri imeingia. Hakumaliza, muadhini akakohoa kwenye spika. Somo, wale watoto walivyomtazama bibi yao! Nimelipa tuisheni ya elfu kadhaa na zawali iko barazani kwangu inachambua mchele.

Jioni nikampigia mjomba, yule aliyefundisha jiografia. Akasema saa yetu mbovu si mbovu. Saa ya Afrika Mashariki imefuatishwa jua la longitudo ya nyuzi 45 mashariki, karibu na Mogadishu, na Tanga iko kwenye 39 na kidogo. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika nne, kwa hiyo jua letu la mchana linachelewa dakika ishirini na kitu. Na kivuli kilielekea kusini kwa kuwa mwezi huu jua limehamia kaskazini. Utosini kwetu litakuja mwanzoni mwa Oktoba. Babu ameshaandika ukutani kwa mkaa, "Oktoba, mpini".

Sasa wewe uko Mwanza, nyuzi sita magharibi yetu. Nataka wanao wapime. Chagueni siku isiyo na mawingu kabla shule hazijafunguliwa, unitumie ujumbe asubuhi ili na sisi tupime siku hiyo hiyo. Mpini wa mita moja, timazi, chaki, na saa mliyoilinganisha na simu. Anzeni saa sita na robo na msiache kabla ya saa saba na nusu. Nakwambia wewe peke yako: kivuli chenu kitakuwa kifupi kuliko chetu, kwa kuwa mko karibu zaidi na ikweta, na ule ufupi wake utawajia kama dakika 25 nyuma yetu. Watoto usiwaambie hata kwa dawa. Babu ana hakika jua ni moja na saa ni moja, kwa hiyo majibu yatakuwa sawa, na ameweka dau la gololi sita.

Ile karatasi nyeupe iliyokunjwa mara nne siyo kwamba nimesahau kuiandika. Ni barua ya Kibibi kwa mwanao mdogo, ameiandika kwa njiti ya kiberiti na maji ya magadi. Changanya kijiko kidogo cha manjano na vijiko vitatu vya spiriti ya duka la dawa, umimine mwenyewe na mbali na jiko, inashika moto haraka. Kisha apitishe kwa pamba, taratibu, asisugue. Maandishi yatatoka mekundu.

Mimi niliyasoma kabla hayajakauka. Anauliza kama Desemba mnakuja, na kama ni lazima awaachie kitanda chake. Hilo la kitanda usijibu wewe, muachie mwanao.

Msalimie shemeji.

Ni mimi,
Somo yako