Bentiu usiende, mwanangu

Ujiji, Mei 2012

Mwanangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, kifua cha baba yako kimepungua. Nimesikia, tena kwa mdogo wako, kwamba tajiri wako anakutoa Juba anakuhamishia Bentiu, huko Sudan Kusini karibu na mpaka wa Sudan, ukafunge jenereta, na mshahara utapanda. Mimi mbona hukuniambia?

Redio humu ndani haizimwi. Jeshi la Sudan Kusini liliingia Heglig, kwenye visima vya mafuta vya Sudan, tarehe 10 Aprili, na siku kumi baadaye rais wao Salva Kiir akaamuru watoke. Serikali ya Sudan kule Khartoum wanasema hawakutoka, walifukuzwa. Hayo ni yao. Langu mimi ni tarehe 23: Heglig imeshaachwa, ndege za Khartoum zikaja kupiga soko la Rubkona, mtoto akafa. Kutoka Rubkona hadi Bentiu ni kuvuka daraja tu, na hilo daraja nalo limetupiwa mabomu. Ndiko unakotaka kwenda?

Na hiyo nyongeza italipwa na nini? Visima vya mafuta Sudan Kusini wamevifunga wenyewe tangu Januari kwa ugomvi na Khartoum juu ya ushuru wa bomba la kupitishia mafuta. Nchi imepata uhuru Julai iliyopita, hata mwaka haijatimiza, na mfuko mtupu.

Utaniambia vita vimekwisha, Umoja wa Mataifa umeshawapa masharti. Usiwaambie hivyo watu wa Ujiji. Wakongo waliovuka ziwa 1996, wapo walioambiwa kwao kumetulia wakarudi. 1998 tukawapokea tena.

Picha yako ya kofia ya kazi nimewaonyesha majirani wote, sasa wananiita Mama Fundi. Nafurahi. Lakini fundi gani hajampigia baba yake tangu Idi? Baki Juba. Kazi ikiisha, rudi. Kama ni jenereta, Kigoma mji mzima unawashwa na jenereta, mafundi wanatafutwa.

Hela ya mabati ilipitia kwenye ada ya Zuhura, usimgombeze baba yako. Jikoni bado panavuja, nimesogeza mafiga. Dagaa bei haishikiki, mwezi ukiwa mkubwa hawavui.

Nimekuwekea mawese dumu la lita tano. Nimetandika nailoni chini ya kifuniko, nikakaza kwa mpira wa baiskeli, maana lile la kwanza liliharibu nguo za watu kwenye basi. Jirani anakwenda Kampala wiki ijayo, atatafuta wa kulifikisha. Nitumie jina la mtu wa kulipokea Juba. Bentiu silipeleki.

Mama yako