Barua kwa Mama Zuhura, kuhusu meya wenu

Shoga yangu Mama Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Huku hatujambo. Shemeji yako mguu umepata nafuu, ila ubishi bado ni uleule, na utauona humu humu kwenye barua.

Umeniandikia kwamba hapo Oakland, Marekani, mmepata meya mpya, bibi anayekaribia miaka themanini, na kila unayekutana naye anamsifu kwa "ile kura yake", nawe unaona aibu kuuliza kura gani. Umefanya vizuri kuniuliza mimi. Huyo Barbara Lee nimemfuatilia miaka mingi, na sababu utaielewa mbele, maana inakuhusu na wewe.

Kura yenyewe ilipigwa tarehe 14 Septemba 2001. Siku tatu baada ya ndege kugonga majengo New York, Bunge lao lililetewa azimio fupi mno la kumruhusu Rais atumie nguvu za kijeshi dhidi ya nchi, kikundi au mtu yeyote ambaye yeye mwenyewe Rais ataona alipanga au alisaidia shambulio lile. Seneti walipitisha 98 kwa sifuri. Baraza la Wawakilishi walipitisha 420 kwa moja. Huyo mmoja ndiye meya wenu.

Sasa fikiria wanavyopiga kura wenzetu. Kila mjumbe ana kadi yake, anaitumbukiza kwenye kisanduku ukumbini, anabonyeza, na ukutani juu jina lake linawaka taa: kijani ameafiki, nyekundu amekataa. Wote wanaona. Ukuta mzima umekuwa kijani halafu kuna doa moja jekundu, lako! Kabla ya hapo alisimama akasema machozi yakimlengalenga, akarudia maneno aliyoyasikia kwenye ibada ya maombolezo mchana uleule, kwamba katika kutenda kwetu tusije tukawa uovu uleule tunaoulaani. Baba yake alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo usidhani hakujua jeshi ni nini. Baada ya hapo vitisho vya kumuua vilimiminika mpaka akawekewa walinzi.

Shemeji yako akisikia habari hii huwa anawaka. Tarehe 7 Agosti 1998 alikuwa Dar, na ule mlipuko wa ubalozini hawezi kuusahau. "Watu hao walituua sisi kabla yao," anasema, "Nairobi na Dar zaidi ya mia mbili, halafu mtu anakataa wasakwe?" Ni hoja nzito, na mimi simbezi. Lakini Lee hakukataa wahusika wasakwe. Alikataa ruhusa isiyo na mpaka wala mwisho. Na tazama ilivyotumika: mwaka 2016 serikali ya Obama iliitumia ruhusa hiyohiyo kuhalalisha vita dhidi ya Al-Shabaab huko Somalia, kikundi ambacho mwaka 2001 hata jina hilo hakikuwa nalo. Shemeji yako nikimfikisha hapo huomba chai.

Wala haikuwa mara yake ya kwanza kubaki peke yake. Machi 1999, Marekani na wenzake walipoipiga Yugoslavia mabomu, Baraza lilipiga kura ya kuwaunga mkono wanajeshi wao, ikawa 424 kwa moja. Mmoja huyo ni yeye tena. Ila mtu akitaka kukuaminisha kwamba bibi yule anapenda tu kuwa kinyume na watu, mwambie aendelee kusoma. Oktoba 2002 ilipokuja ruhusa ya kuivamia Irak, waliokataa walikuwa 133 naye akiwemo. Juni 2021 Baraza lilipiga kura 268 kwa 161 kuifuta ruhusa hiyo ya Irak, na mwenye muswada alikuwa yeye.

Lakini Mama Zuhura, kura ninayomhesabia mimi siyo hizo za vita.

Unakumbuka wodi yetu kabla ya 2004. Wagonjwa wa ukimwi tulikuwa tunawapa Septrin na maneno mazuri. Familia inauza shamba la minazi inunue dawa za miezi miwili, miezi miwili ikiisha na shamba limekwisha. Unamkumbuka yule fundi cherehani aliyeletwa kwenye mkokoteni, ndugu zake wamemfunika shuka mpaka usoni kana kwamba wamekwishamaliza naye? Ni wewe uliyemhesabia vidonge vyake vya kwanza kwenye ile sahani ya plastiki, viwili viwili kwa kile kijisu, unamwambia "asubuhi na jioni, usiruke hata siku". Baadaye alikuja kliniki kwa miguu yake na kutushonea sare. Zile dawa zilianzia mahali. Januari 2003 Rais Bush alitangaza mpango wa kupambana na ukimwi wa dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Mei akasaini sheria. Baraza lilikuwa limeupitisha muswada kwa kura 375 dhidi ya 41. Watu wanaujua kwa jina la PEPFAR, na nchi yetu ilikuwa kwenye orodha ya kwanza kabisa pamoja na Kenya, Uganda na Rwanda. Barbara Lee ni miongoni mwa walioupigania na kuuandika, na alikuwa ameanza kabla ya Bush: mwaka 2000 yeye na Jim Leach wa chama cha Republican walipitisha sheria ya kutafuta fedha za ukimwi kupitia Benki ya Dunia.

Angalia tarehe basi. Machi 2003 ndiyo vita vya Irak vilianza, vile alivyovipinga kwa kura yake. Miezi hiyohiyo, na Rais yuleyule, alikuwa mezani wanatafuta namna ya kupeleka dawa Tanga. Mwanasiasa mwingine angesusa ili aonekane ana msimamo. Hapo ndipo niliponunuliwa mimi, bila hata ya khanga. Na tukiwa kwenye khanga: Bush alipokuja Dar Februari 2008, akina mama walivaa nguo zenye sura yake, tena alistahili. Lakini ya Lee hakuna aliyechapisha, na ningeichukua doti mbili.

Ya uchungu ni hii. Alitoka bungeni tarehe 3 Januari 2025, baada ya kugombea useneta wa California na kushindwa kwenye mchujo. Tarehe 20 serikali mpya ya Trump ikasimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Waelimishaji rika wetu waliokuwa wakilipwa na mradi waliambiwa wabaki nyumbani. Dawa zenyewe hazikukatika, ila wa kumfuata mgonjwa aliyeacha kuja hakuwepo. Wasichana wawili walijitolea kwa nauli zao kwa muda, halafu nauli nazo zikaisha.

Kuna kisa kimoja kilichonichekesha. Juni 2017 alipeleka kwenye kamati ya Baraza inayoidhinisha matumizi ya fedha pendekezo la kuifuta ile ruhusa ya 2001. Likapita, tena kwa sauti tu, wajumbe wakampigia makofi. Wiki chache baadaye viongozi wa Baraza wakalitoa kimyakimya kabla halijafika ukumbini. Waliopiga kelele za "ndiyo" mle kamatini hawakuwa na majina, kwa hiyo hapakuwa na wa kuulizwa.

Nikawaza Dodoma. Spika anasema wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kisha anaona walioafiki wameshinda, na kwenye Taarifa Rasmi inaandikwa "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Nani aliafiki? Sauti. Bajeti ndiyo wanaitwa majina mmoja mmoja, na hapo wote wanajua Katiba inamruhusu Rais kuvunja Bunge wakiikataa, kwa hiyo "ndiyo" zinafuatana kama tasbihi. Tozo za miamala za 2021 zilipotuumiza, mbunge mmoja alikuja kwenye mkutano wa mtaa akaapa kwamba yeye alizipinga. Mama mmoja muuza samaki akamuuliza, "Mheshimiwa, tutaonea wapi?" Akacheka, akaahidi kisima.

Ndiyo maana nakuonea wivu kidogo. Wewe hapo ukitaka kujua mbunge wako alifanya nini, kura zake zote zilizopigwa kwa majina zipo, miaka ishirini na sita ya huyo bibi, na zile atakazozionea haya zipo vilevile. Soma mwenyewe, usingoje kusimuliwa kwenye foleni ya duka.

Kuhusu kazi yake ya sasa sikudanganyi, sina hakika kwamba kura za vita zinamfundisha mtu kuziba mashimo ya barabara. Oakland mmetoka kumwondoa meya kwa kura kabla ya muda wake, hazina haina raha, na wizi wa magari umenisimulia wewe mwenyewe. Huko hakuna 420 kwa moja, kuna takataka zimeondolewa au hazijaondolewa. Mpime kwa hilo. Siku ukiingia kwenye mkutano wake na wananchi usikae nyuma kama kawaida yako. Mwambie ulikuwa muuguzi Tanga, ulihesabu vidonge vya mwanzo, na umuulize anafikiri nini kifanyike kwa kliniki kama yetu sasa hivi. Jibu lake niandikie lote, hata kama ni la kisiasa.

Zuhura mwambie mama yake mdogo anasubiri picha za mahafali. Na ile dawa ya kuchua ya shemeji yako imekaribia kwisha, ukipata mtu anayekuja nitumie kopo moja.

Wasalaam,
Shoga yako wa wodi namba tatu