Wapeni wanahisabati na wanafizikia muda wa kukaa pamoja

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu nikiwa mwanafunzi na sijawahi kuwaandikia hata mara moja. Yapo mengi niliyoyapita kimya. Lakini ile taarifa yenu ya ushirikiano wa kimataifa katika sayansi, yenye picha ya watu wanane waliovaa suti na kushika mafaili ya bluu, nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu imeniumiza.

Mliandika kwamba hati ya makubaliano imesainiwa ili wanahisabati na wanafizikia wetu washirikiane na wenzao wa nje. Nikatafuta nani atasafiri, atakaa wapi, kwa muda gani, na wanafunzi wake atamwachia nani. Hakuna. Nikatafuta jina la mwanahisabati hata mmoja, nalo halikuwepo. Aya ya mwisho ikamaliza kwa kusema kuwa siku hizi watu hukutana kwa mtandao, hivyo gharama za safari zitapungua. Hapo ndipo nilipochukua kalamu.

Nimefundisha hisabati chuo kikuu kwa miaka 31. Naomba niwaeleze jambo ambalo mwandishi wenu hakuambiwa. Mwanahisabati na mwanafizikia wanaweza kukitazama kitu kimoja kwa miaka ishirini wasijue kuwa ni kimoja, kwa sababu kila mmoja amekipa jina lake. Mwaka 1954 Chen Ning Yang na Robert Mills, wanafizikia, waliandika milinganyo ambayo baadaye ilikuja kuwa msingi wa nadharia ya chembe ndogo kabisa za maada. Wanahisabati walikuwa na umbo hilohilo tayari, kwa jina jingine. Iligundulikaje? Yang alikuwa Stony Brook, jimbo la New York, na idara ya hisabati ya palepale iliongozwa na Jim Simons. Simons akawafundisha wanafizikia hisabati hiyo saa za chakula cha mchana. Mwaka 1975 Yang na mwenzake Tai Tsun Wu wakachapisha jedwali: upande mmoja maneno ya wanafizikia, upande wa pili maneno ya wanahisabati, kama kamusi. Mwanahisabati Isadore Singer akaibeba habari hiyo hadi Oxford, na haikuchukua miaka kumi kabla kijana wa palepale, Simon Donaldson, hajaitumia milinganyo ya wanafizikia kuthibitisha mambo juu ya maumbo ya vipimo vinne (urefu, upana, kimo na kingine kimoja juu yake) ambayo wanahisabati wenyewe hawakuyatarajia. Kila hatua ya habari hii ina mtu aliyekaa chumba kimoja na mtu mwingine, au aliyepanda ndege kwenda kukaa naye.

Sasa nisikilizeni yangu. Nilikuwa na mwenzangu wa idara ya fizikia, marehemu sasa, aliyefanya kazi ya mawimbi ya matetemeko ya ardhi. Ana vipimo vilivyochukuliwa juu ya ardhi na anataka kujua mwamba uliopo chini ukoje. Mimi, ghorofa moja juu yake, nilikuwa nafundisha aina hiyohiyo ya swali: ukipewa kilichoonekana ukingoni, utasema nini juu ya kilichomo ndani? Miezi saba tulipishana kwenye ngazi tukisalimiana tu. Siku moja tukakutana kwenye foleni ya dirisha la mishahara, akanitajia linalomsumbua, na kabla hatujafika dirishani tulishajua tunafanya kazi moja. Tukaanza kukaa pamoja kila Jumatano. Mwaka uliofuata tukaalikwa wote wawili kwenye warsha ya wiki tatu katika mji mmoja wa Ulaya. Waandaaji walilipa malazi. Nauli tukaiomba chuoni, na mimi nikajibiwa kwamba kasma ya safari ya idara ya hisabati haiwezi kulipia mkutano wa fizikia. Nikauza ng'ombe wawili. Nikaenda ubalozini na barua ya mwaliko, barua ya mwajiri, taarifa ya benki ya miezi sita, hati ya nyumba na cheti cha ndoa. Afisa wa dirishani akaziweka barua mbili sambamba akaniuliza: hapa mwajiri anasema wewe ni mwalimu wa hisabati, na hapa wanakualika kwenye mkutano wa fizikia, unakwenda kufanya nini huko? Nikamweleza kwa utulivu wote niliokuwa nao. Nilimchorea hata picha ya mawimbi yakipinda ndani ya mwamba. Baada ya siku kumi na mbili pasipoti ikarudi na karatasi iliyosema sababu za safari yangu hazikuthibitika. Mwenzangu alipata viza, kwa sababu barua zake zote mbili zilisema fizikia. Alikwenda peke yake. Huko akamkuta mama mmoja mwanahisabati kutoka Brazil aliyekuwa amelitatua nusu ya tatizo letu. Mwenzangu hakuweza kumuuliza maswali niliyokuwa nayo mimi, maana hayakuwa maswali yake. Akarudi na bahasha ya nakala na karatasi sita alizoandikiwa kwa mkono. Ilituchukua karibu miaka miwili kuzielewa. Na ukurasa wa nne, ambao ulikuwa na hatua moja iliyorukwa kwa kuwa mwandishi wake aliiona nyepesi, nadhani ningeuliza alasiri moja tu ubaoni na kujibiwa. Mwenzangu alifariki kabla hatujaimaliza kazi ile. Bahasha ipo kwangu hadi leo.

Kwa hiyo mnaposema mtandao utatosha, naomba mnielewe ninapokataa. Mtandao ni mzuri kwa watu ambao tayari wanaelewana. Swali la kijinga, lile ambalo ndilo hufungua mlango, mtu haliulizi mbele ya nyuso arobaini kwenye kioo. Analiuliza siku ya nne, mkitoka kunywa chai.

Hata kuamini namba ya mwenzako kunahitaji kukutana naye. Wanahisabati walikuwa na umbo moja la vipimo sita, na swali lao lilikuwa la kuhesabu: ndani yake kunakaa mikunjo mingapi ya kila daraja? Mistari iliyonyooka, yaani daraja la kwanza, ni 2,875. Hilo lilijulikana tangu karne ya 19. Mikunjo ya daraja la pili ni 609,250, na jibu hilo lilipatikana miaka ya 1980. La tatu liliwashinda. Mwaka 1991 wanafizikia wanne, Philip Candelas, Xenia de la Ossa, Paul Green na Linda Parkes, wakiongozwa na nadharia ya nyuzi, inayoichukulia kila chembe kuwa uzi mdogo unaotetemeka, na bila uthibitisho ambao mwanahisabati angeukubali, wakasema ni 317,206,375. Wanahisabati wawili wa Norwe, Geir Ellingsrud na Stein Arild Strømme, wakalifanyia hesabu kwa kompyuta, kwa njia ya kihisabati kabisa, wakapata 2,682,549,425. Pande hizo mbili zikakutana Berkeley, California, mwezi Mei mwaka huohuo. Wengi katika wanahisabati waliona wanafizikia ndio waliokosea. Wanorwe wakarudi kuipekua programu yao, wakalikuta kosa, wakalirekebisha, na namba ikatoka ileile ya wanafizikia. Wakatangaza wenyewe kwamba wenzao ndio waliopatia. Nimewasimulia wanafunzi wangu habari hii kila mwaka, na kila mwaka nilisisitiza uungwana wa Wanorwe wale wawili. Tangu hapo tawi zima la hisabati limeota kutokana na namba ile.

Msiniambie haya ni ya matajiri. Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, alirudi kwao Lahore mwaka 1951, akiwa kijana ambaye kazi yake ya fizikia ilishajulikana Ulaya, na chuo kikampa kazi ya ziada ya kusimamia timu ya mpira. Hakuwa na mtu wa kuzungumza naye fizikia aliyokuwa akiifanya. Mwaka 1954 aliondoka, na uchungu wa kulazimika kuchagua kati ya nchi yake na kazi yake haukumtoka. Ndiyo maana mwaka 1964 alianzisha kile kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, ambacho leo kina jina lake. Mtu wa Lahore, wa Khartoum au wa Dar es Salaam anakwenda wiki kadhaa, anakaa na wenzake, anarudi nyumbani kufundisha, kisha anakwenda tena, bila kuhama. Na Salam hakuwaacha wanahisabati nje: kituo kina sehemu ya hisabati pamoja na ya wanafizikia. Mwaka 1979 yeye mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel, pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa nadharia iliyosimama juu ya milinganyo ileile ya Yang na Mills.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, niseme na la shule, maana mbegu ya utengano huu hupandwa huko. Mjukuu wangu yuko kidato cha tano, tahasusi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Alikuja likizo na daftari la fizikia lenye mlinganyo wa pendulamu. Mwalimu wa fizikia aliuandika ubaoni akasema jinsi ya kuutatua mtafundishwa kwenye hisabati. Walipomuuliza mwalimu wa hisabati, akasema hiyo tutaifikia mwakani. Walimu hao wawili wanakaa ofisi moja, meza zao zinatazamana. Mtoto akakariri jibu. Nilimfungia jiwe kwenye kamba ya mita moja chini ya mwembe: kwenda na kurudi mara 20, sekunde 40 kwa saa ya simu. Tukaifupisha hadi sentimita 25: mara 20, sekunde 20. Akaniangalia akasema, babu, kumbe ni kipeo cha pili! Ndiyo, mwanangu, urefu ni robo na muda ni nusu. Mambo hayo yangemchukua mwalimu wa fizikia na mwalimu wa hisabati kipindi kimoja kama wangeingia darasani pamoja. Wasimamizi wa elimu wanaosoma ukurasa huu wajue kwamba watoto wanaofundishwa hivi ndio wanaokuja chuo kikuu wakidhani hisabati na fizikia ni nchi mbili zenye mpaka katikati, na ndio hao baadaye wanakuwa maafisa wanaokaa kwenye madirisha.

Nifanye nini basi zaidi ya kulalamika? Ninayo mapendekezo, na nimeyapigia hesabu. Kila chuo kitenge chumba kimoja kati ya idara hizi mbili. Kiwe na mbao mbili za chaki, si za kalamu zinazokauka, na ufunguo wake wakae nao watu wawili, mmoja wa kila idara. Kila Jumatano saa nane mchana mtu mmoja aeleze kilichomshinda. Mafanikio wayaeleze siku nyingine. Pasiwe na posho. Chai ya chupa inatosha. Iwepo pia kasma moja ya safari za pamoja, inayolipia watu wawili wawili, mwanahisabati na mwanafizikia, kwa muda usiopungua wiki sita, na ombi la mtu mmoja peke yake lisipokelewe.

Tena tusianzie Ulaya. Tuanzie Kigali. Pale pana taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki, iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ushirikiano na kituo hichohicho cha Trieste, na AIMS, taasisi ya hisabati, ina kituo chake katika mji huohuo tangu 2016. Mtanzania haombi viza kuingia Rwanda. Anapanda basi, anavuka Rusumo, na hakuna atakayemuuliza kwa nini mwalimu wa hisabati anakwenda kwa wanafizikia. Huko atakutana na wageni wa kutoka kila bara, maana wanapita pale kufundisha.

Kwa watakaolazimika kwenda mbali zaidi, chuo kiwaandikie barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kwa lugha nyepesi uhusiano wa fani hizi mbili, iambatanishwe na kila ombi la viza. Nipo tayari kuiandika mimi, bila malipo, na kuileta ofisini kwenu ili ipigwe chapa. Na mtakapotoa taarifa nyingine ya ushirikiano, naomba picha iwe ya wawili waliosafiri, na chini yake muandike wamekaa wiki ngapi.

Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Morogoro