Kumbukumbu ghafi za maswali zibaki kwenye seva zilizofungwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ninayoisikia hapa Tanga kila wanapokutana vijana wa kompyuta na watu wa maktaba, kwamba kwa kuwa kanzidata ya maarifa kama Wikidata, ghala la taarifa lililo wazi mtandaoni, ni mali ya wote, basi na kumbukumbu za maswali ambayo watu huiuliza ziwekwe wazi, kila mwenye haja azipakue na kuzichambua kwake. Hoja hiyo siikubali, ingawa uchambuzi wenyewe nautaka sana.

Kinachohifadhiwa si swali peke yake. Linapofika kwenye seva, yaani kompyuta inayotoa majibu, huandikiwa mstari wenye saa, anwani ya IP ya muulizaji (namba inayotambulisha muunganisho wake wa intaneti), kivinjari au programu aliyotumia, na swali lenyewe kama alivyoliandika. Huduma ya maswali ya Wikidata, iliyofunguliwa mwaka 2015, humwezesha mtu kuuliza hospitali zote zilizo ndani ya kilomita 2 kutoka nukta fulani ya ramani. Mkazi wa Ngamiani akiandika latitudo na longitudo za nyumba yake, amekwisha kuacha anwani yake humo hata kama jina halimo. Na akiongeza maswali mawili matatu kuhusu ugonjwa mmoja, jirani yake hana haja ya kusoma zaidi.

Hayo yamewahi kutokea. Agosti 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani takriban maswali milioni 20 ya utafutaji, ya watumiaji wapatao 650,000, majina yao yakiwa yamegeuzwa namba. Siku chache baadaye waandishi wa The New York Times walimtambua mama mmoja mtu mzima wa jimbo la Georgia kwa kuyasoma maswali yake tu. AOL iliyaondoa mafaili hayo, lakini nakala zilikwisha kusambaa.

Njia iliyo bora ipo: kumbukumbu ghafi zibaki kwenye seva zilizofungwa, wanazoingia walioidhinishwa tu, na yatoke yale yaliyosafishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, Ujerumani, kwa makubaliano na Wakfu wa Wikimedia unaoendesha Wikidata, walichambua mamia ya mamilioni ya maswali yaliyoulizwa Wikidata mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018. Yaliyoruhusiwa kutoka nje yalisafishwa kwanza: maelezo ya pembeni yalifutwa, majina ambayo muulizaji alijitungia yalibadilishwa, na vipimo vya ramani vilikadiriwa hadi digrii nzima. Digrii moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo mtu wa Chumbageni na mtu wa Tongoni hawatofautiki tena.

Uchambuzi huo ulionyesha pia kwamba maswali karibu yote yalitoka kwa programu zinazojiendesha, na yale yaliyoonekana kuulizwa na binadamu hayakufikia hata moja kwa mia. Hapo ndipo wapenzi wa takwimu za harakaharaka wanapojikwaa. Ukihesabu mistari bila kutenga mashine na watu, programu moja inayorudia swali lilelile usiku kucha itakuambia kwamba dunia nzima imeshikwa na shauku ya jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Sisi Waswahili tunahitaji hesabu iliyo makini kuliko hiyo: ni mara ngapi binadamu ameomba majibu kwa Kiswahili, na ni mara ngapi ameishia kupewa Kiingereza kwa sababu jina la Kiswahili halikuwepo.

Nakiri kwamba seva iliyofungwa huwapendelea wenye vyuo vikubwa nyuma yao, kwani mwanafunzi wa kwetu hawezi kuupata mkataba wa usiri kwa urahisi. Dawa yake ni kumruhusu atume programu yake ya uchambuzi, iendeshwe hukohuko ndani na mtu aliyeidhinishwa, naye arudishiwe majumla yaliyokaguliwa.

Na jambo hili si la nchi za nje peke yake. Katika ofisi moja ya huduma hapa jijini, daftari la wageni liko wazi mezani, kalamu imefungwa kwa uzi, na kila anayefika huandika jina, namba ya simu na shida iliyomleta, chini kabisa ya shida ya aliyemtangulia. Mazoea hayo yakihamia kwenye huduma za utafutaji zinazoanzishwa na taasisi zetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, itakuwa inavunjwa kila mtu anapobofya.

Wakfu wa Wikimedia umejiwekea kwamba taarifa ghafi za namna hii, kwa kawaida, hazikai zaidi ya siku 90. Naomba taasisi za umma zinazoendesha kanzidata hapa nchini nazo zitangaze, kwa Kiswahili na mahali panapoonekana, zinahifadhi maswali yetu kwa muda gani, nani huyasoma, na nani huidhinisha yanayotoka.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga