Dada wa kitenge cha bluu, asante

Dada uliyekaa nami kwenye daladala ya Mbagala, sikuwahi hata kukuuliza jina. Ilikuwa siku ya tatu tangu nitolewe uvimbe kwenye ovari kwa upasuaji wa matundu madogo. Tumbo liliniuma, nikadhani ni ile gesi tu ambayo madaktari hujaza tumboni wakati wa upasuaji huo, inayouma mpaka begani. Ukanigusa paji la uso, ukaona tumbo limekaza kama ngoma. "Mdogo wangu, maumivu ya gesi hupungua kila siku. Yako yanazidi, na una homa. Turudi hospitali sasa hivi." Ukalipa bajaji, ukanishikia mfuko nikitapika njia nzima. Kumbe utumbo ulikuwa umetoboka! Nilipasuliwa tena usiku uleule. Kitenge ulichonifunika ninacho, nimekifua na kukipiga pasi. Mungu akulipe, dada yangu.